Daftari la Kijani na Simu Iliyojua Kila Kitu

Baba,

Leo asubuhi simu yangu imetaka kukufuta.

Sikutanii. Nilikuwa jikoni, maji ya chai yakiwa motoni, nikasikia inalia kale kamlio kake. Nikaangalia. "Hujawasiliana na Baba kwa muda mrefu. Majina yasiyotumika yataondolewa ili orodha yako ibaki safi." Chini yake vitufe viwili, Ondoa na Bakiza, ati nichague. Haki ya Mungu, nilitaka kuitumbukiza kwenye sufuria. Majina yasiyotumika! Wewe! Na ati orodha ibaki safi. Kwani wewe ni uchafu?

Nimebonyeza Bakiza mpaka kidole kikauma. Kisha nimezima jiko, nimechukua kalamu na karatasi, maana kuna mambo sijakuambia tangu tulipokulaza. Mengine ni ya aibu. Ningekuja kuyasema pale kaburini, lakini Wycliffe yuko nyumbani wiki hii na sitaki kaka yangu anisikie nikilia kwa hasira. Ngoja nikuandikie, nikuletee.

Unakumbuka Jumapili zako za kwanza za mwezi? Ukitoka kanisani hukai na watu. Unavua koti, unaketi kwenye kile kiti cha kamba barazani, chai upande huu, simu yako ya mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, upande ule, na daftari la kijani magotini. Unapiga simu ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukoo wote. Shinyalu, Mumias, Lugari, hadi yule binamu yako wa Buyangu anayefanya kazi ya msitu. "Ni mimi Jotham. Hapana, hakuna neno. Nakusalimia tu." Unacheka, unaulizia ng'ombe, unakata, unaweka alama ya penseli. Mtu asiposhika, huweki alama. Na mimi nikikuambia nimempelekea fulani ujumbe, unanitazama juu ya miwani. "Umesikia sauti yake?"

Hilo swali lako! Nilikuwa nalichukia. Ujumbe umefika, Baba, amejibu, amesema yuko salama. "Sijakuuliza kama amejibu. Umesikia sauti yake?"

Mtu akimaliza miezi mitatu bila wewe kusikia sauti, unavaa viatu unaenda. Siku ile ya binamu wa Buyangu tulikucheka karibu tuanguke. Ulienda mguu na njia, ukidhani amekufa, kumbe simu ilitumbukia chooni na mwenyewe yuko mzima anakula mahindi ya kuchoma. Ulirudi na ingokho kubwa kwapani, jogoo la kienyeji, limekunyea koti la kanisani. Hukujuta hata kidogo. Ulisema afadhali kunyewa na jogoo kuliko kusikia habari za mtu kwa matanga.

Mimi sasa, msomi wako, binti wa masjala pale mjini, nikaona hii ni kazi ya zamani. Ofisini ndiyo kwanza tulikuwa tumeacha mafaili ya karatasi, na mimi nilikuwa nimepata kiburi cha mtu aliyefunzwa kitu kipya juzi. Wycliffe akaniambia kuna kitabu cha majina cha kwenye simu ambacho kinajisahihisha chenyewe. Mtu akibadilisha namba huko aliko, kwako inabadilika. Jina likirudiwa, kinaunganisha. Huhitaji kupiga simu hata moja. Nikaja na hiyo habari nyumbani kama mtu aliyeleta maji ya bomba.

Ulinipa daftari bila ubishi. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekataa! Ungesema, "Wewe Violet, wacha mambo yangu," kama ulivyosema nilipotaka kutupa kile kiti chako. Ulinipa tu, ukaketi kando ukinitazama nikiandika jina baada ya jina, alasiri nzima. Na mle ndani hapakuwa na majina na namba tu. Ulikuwa umeandika hadithi. Huyu ana mguu mbaya, simu iko na mjukuu. Huyu piga asubuhi, akishakunywa hapana. Nikawa nayaruka hayo yote. Kwenye simu hapakuwa na mahali pa kuyaweka, na hata kama pangekuwapo nisingehangaika.

Na majina nayo. Wewe uliandika "Rasoa wa Lugari" na "Rasoa wa Mumias." Mimi nikaona hiyo si kazi safi, nikaandika kama yalivyo kwenye vitambulisho. Rasoa Khavere. Rasoa Khavere. Senje, shangazi yangu, dada yako wa Lugari, na Rasoa mdogo, binti wa marehemu ndugu yako, aliyeolewa Mumias kwa wakulima wa miwa. Wote wawili wamepewa jina la nyanya yenu, la kwanza na la pili, kama ilivyo kwetu, mtu akilala jina lake linaamka kwa mtoto. Kuna ukoo gani hapa Kakamega usio na watu wawili wa jina moja?

Jioni simu ikatangaza kwa madaha: "Majina mawili yanayofanana yameunganishwa: Rasoa Khavere. Taarifa mpya zaidi imehifadhiwa." Nikakusomea kwa sauti. Nikasema, ona Baba, nilikuwa nimeandika mmoja mara mbili, yenyewe imegundua. Wewe ukauliza, "Na huyo ni Rasoa yupi?" Nikakujibu, Mungu anisamehe, "Baba, simu inajua."

Simu inajua!

Ulichukua daftari lako, ukaenda nalo chumbani, na Jumapili ya kwanza iliyofuata ukaendelea kupiga simu zako kama kawaida. Nami nilikuwa nikipita hapo na kutikisa kichwa.

Ulipotutoka ile Jumanne, kila mtu alinitazama mimi. Kazi ya kupasha habari ilikuwa yako, na mimi ndiye niliyekuwa nimejigamba kwamba nimeichukua. Wakauliza, majina unayo? Nikasema ninayo yote, na ni ya kisasa, hakuna namba iliyokufa. Nikaandika ujumbe mmoja, nikautuma kwa ukoo mzima kwa kidole kimoja. Haikuchukua hata dakika tano. Majibu yakaanza kumiminika na mimi nikawa natia alama. Likaja la Rasoa Khavere: "Woi! Pole sana. Nitafika." Nikatia alama. Nikasema moyoni, Senje ameambiwa.

Baba, Senje hakuwa ameambiwa. Aliyejibu ni Rasoa wa Mumias. Na alifika kweli, maskini, Ijumaa asubuhi, akafunga leso kiunoni akaingia jikoni na hakutoka huko.

Jumamosi watu wakaanza kuuliza. Senje yuko wapi? Dada wa pekee aliyebaki, wa tumbo moja na marehemu, na hajaonekana? Wazee wakasema mtu hawekwi chini kabla dada yake hajamwona. Mchungaji akangoja. Mimi nikapiga ile namba, ikaita, ikaita, haikushikwa. Nikapiga tena mbele ya watu wote ili waone bidii yangu. Unajua simu hiyo ilikuwa ikilia wapi? Jikoni kwetu, hatua kama thelathini kutoka nilipokuwa nimesimama, ndani ya mkoba wa Rasoa mdogo, na yeye amejiinamia juu ya sufuria la obusuma, ugali wa matanga, na mwiko mkubwa kama kasia. Aliona baadaye kwamba nilikuwa nimempigia. Akadhani nataka sahani zaidi.

Wingu la saa nane likatanda, unalijua lile la kwetu ambalo halidanganyi. Na watu wakaanza kusema. Ati Senje ana kinyongo cha tangu alipohamia kwa wale wenye mashamba makubwa. Ati amejiona. Ati mtu anamkataa ndugu yake hata akiwa kwenye sanduku. Nilisimama pale na kipaza sauti, mimi uliyenizaa, nikasema: "Senje tulimwambia, na yeye akajibu kwamba atafika. Hatuwezi kumngoja zaidi." Nilisema hivyo, Baba. Mbele ya ukoo. Kwa uhakika wote. Na tukakushusha kabla ya mvua.

Jumatatu asubuhi nilikuwa chumbani kwako nakunja nguo. Mulika mwizi yako ikalia chini ya mto. Nilishtuka, kisha nikashika bila kuangalia, na kabla sijafungua kinywa nikasikia kicheko. "Wewe Jotham! Jumapili ya kwanza imepita, hujanipigia. Umepata mke mpya, ndiyo unanisahau? Omwana wefwe, ndugu yangu, mimi nimekaa na simu kwenye apron siku nzima."

Nikaketi kitandani kwako. Nikasema, Senje, ni mimi Violet. Akasema, "Aa, Violet, hujambo mama. Mpe baba yako."

Mpe baba yako. Nimpe! Udongo bado ulikuwa laini pale nje, nauona kupitia dirishani, na mashada ya maua yamelowa. Nilipaswa kusema naja, nikate, nivae viatu niende Lugari mwenyewe siku hiyohiyo. Badala yake nikaropoka tu: "Senje, Baba tulimzika Jumamosi."

Hakulia. Ningependa angelia. Alirudia neno moja tu, "Mlimzika," taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Kisha simu ikakatika.

Baada ya hapo hakushika tena simu ya yeyote. Nilipiga nikachoka. Wycliffe alipiga kwa namba ngeni, akamshika mara moja, na Senje akamwambia, "Mimi sina mtu Kakamega," akakata. Nami nikamgeukia Wycliffe. Nilimpigia kelele yote niliyokuwa nayo. Ndiye aliyeniletea hicho kidudu. Unajua alinijibu nini? "Vio, ni makosa ya sistimu." Sistimu! Sistimu ilisimama na kipaza sauti? Sistimu ilimsingizia Senje mbele ya wazee? Niliandika hata kwa wenye kile kitabu cha majina, huko waliko, nikawaeleza yote, barua ndefu. Wakanijibu kwa dakika moja, wakanishukuru kwa maoni yangu, wakaniomba niwape nyota kuanzia moja hadi tano. Sikujua kwamba mtu anaweza kukasirika mpaka akacheka.

Lakini ngoja nikuambie ukweli, kwa kuwa wewe ndiye nakuandikia. Wote hao niliwafokea ili nisijifokee mwenyewe. Daftari lilikuwa chini ya mto wako wakati wote. Lilikuwa palepale na mulika mwizi. Siku nne za matanga nilipita mlangoni pa chumba chako labda mara mia, na sikulifungua hata mara moja. Niliogopa kuona mwandiko wako, ndiyo, lakini pia niliamini kwamba halina kitu ambacho sina.

Miezi miwili ilipita hivyo. Siku moja nikalifungua, natafuta tu njia ya kwenda kwa Senje. Nikapata ukurasa wake. Nakunakilia hapa ulivyoandika, ingawa unajua.

"Rasoa wa Lugari, dada yangu. Namba hii ni ya tatu, mbili za kwanza zimekufa. Asiposhika, shuka sokoni, uliza mama wa cherehani mwenye mlango wa bluu, atakupeleka. Ana presha. Neno zito usimwambie kwa simu. Enda."

Enda, umeandika, na umepiga mstari chini.

Nilikuwa nimeona hayo, Baba. Alasiri ile barazani macho yangu yalipita hapo na nikayaruka kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuyaandika. Nilitoka nje nikakaa kwenye kiti chako nikalia mpaka kuku wakanishangaa.

Nikaenda. Mlango wa mama wa cherehani siku hizi ni wa kijani, lakini mwenyewe alikuwa palepale, mguu kwenye cherehani, na nilipotaja jina lako akaacha kushona. "Wewe ndiye binti?" Alinitembeza kwenye kile kijia katikati ya mahindi bila kuniambia hata pole, na nikajua kwamba Lugari nzima wananijua.

Senje alikuwa amekaa kwenye turubai anachambua mahindi, ya kuoza huku, mazima huku. Amekonda. Ana kile kidevu chako. Nilipiga magoti nikamsalimia. Aliendelea na mahindi yake mpaka magoti yakaniuma. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Umekuja kufanya nini?" Nilikuwa nimetayarisha maelezo yote njiani, mambo ya majina kuunganishwa, Rasoa mdogo, mkoba jikoni. Yote yalipotea. Nikasema, "Nimekuja kukuambia."

Ndipo akaniangalia. "Kuniambia nini? Mimi sijaambiwa kitu. Miezi miwili nangoja mtu aje aniambie. Majirani wananiuliza, kweli ndugu yako amekufa? Nawajibu sijui, sijaletewa habari." Akasukuma mahindi kando. "Rudi pale kwenye geti. Ingia kama mtu anayeleta habari. Kisha uniambie."

Nilirudi, Baba. Mimi na sketi yangu ya ofisi na kiatu kimoja kimejaa udongo, nikatoka nje ya geti, nikalifunga, nikasimama hapo barabarani kama mjinga. Mama wa cherehani ananitazama. Kisha nikabisha hodi. Senje akaitika, "Karibu," kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu ambaye bado hajui. Aliinuka akajipangusa mikono, akaja kunilaki. "Mwanangu, kwema utokako?"

Nikasema, "Senje, si kwema. Nimetumwa kutoka nyumbani. Ndugu yako Jotham ametuacha."

Lo! Kilio kile. Alishika kichwa akazunguka boma lote akikuita, jina lako, na jina la utoto ambalo sikuwa nalijua, na la mama yenu, na watu wakatoka kwenye mahindi pande zote mbio, wanawake mikono kichwani, kana kwamba umekufa asubuhi hiyo. Nami kwa mara ya kwanza nililia pamoja na watu. Kule nyumbani nilikuwa mwenye orodha na kipaza sauti, sikupata nafasi. Walituketisha, wakatuletea maji, wakaimba. Ulifanyiwa matanga Lugari, Baba, siku mbili, bila mwili.

Jumamosi iliyofuata akaja Kakamega. Alianza kukulilia tangu barabarani hadi pale ulipo, na wote waliokuwa wamemsema vibaya wakatoka majumbani mwao. Nilisimama mbele yao, safari hii bila kipaza sauti. Nikasema: Senje hakuambiwa. Ni mimi nilisema uongo, sikujua ni uongo, lakini niliusema, na yeye hana kosa. Mzee mmoja akakohoa. Mke wa jirani aliyesema "amejiona" akaenda kumletea kiti. Senje hakukikalia, aliketi chini kando yako mpaka jua likapungua, anakuuliza habari za huko na kukugombeza kwamba ulienda bila kuaga.

Sasa mwezi uliopita, Jumapili ya kwanza, nilifanya kazi yako. Kiti cha kamba, chai, daftari magotini. Mchana wote mpaka sikio likawa moto. Kumbe watu wanaongea hivi! Binamu wa Buyangu aliniweka nusu saa kwa habari za nyani kwenye mahindi yake. Rasoa wa Mumias alilia tena, anajilaumu kwa ule mkoba, nikamwambia aache, mkoba hauna kesi. Watatu hawakushika. Sijaweka alama. Mmoja kati yao amefikisha miezi mitatu, nitavaa viatu wiki ijayo. Senje mimi sikumpigia, alinitangulia yeye. Nilipopokea akasema tu, "Haya, nimesikia sauti yako," na nikasikia penseli ikikwaruza karatasi. Naye ana daftari, Baba. Ulikuwa unajua?

Nikipekua hivyo nilifika ukurasa wa Mama. Nilidhani utakuwa umemkata kwa mstari. Simu yangu ingekuwa imeshamwondoa zamani, orodha ibaki safi. Hukumkata. Namba yake ndiyo umeikata. Na kando yake umeandika maneno machache kwa wino, si penseli, na umeweka alama nyingi sana, za kila Jumapili ya kwanza tangu alipolala, mstari mrefu wa alama hadi pembeni mwa karatasi.

Kwa hiyo ndivyo ulivyokuwa ukifanya ukimaliza kupiga simu na kupotea nyuma ya migomba. Na sisi tukidhani unaenda kuangalia ng'ombe.

Barua hii nitakuletea mwenyewe Jumapili, baada ya kanisa. Nakuahidi daftari halitaingia tena kwenye simu, na hakuna mtu wako atakayepata neno zito kwa kidole. Lala salama, Baba. Kabla ya kufunga bahasha nimekuandikia mstari wako, kwa wino, chini ya ule wa Mama. Nimeiga maneno yako yaleyale, nikabadilisha jina na kuongeza upande tu:

"Baba. Yuko nyumbani, upande wa kulia wa Mama, kando ya migomba. Hana simu. Enda."

Binti yako,
Violet